Nimelipa arubuni ya gari la spoti la mwaka 1972, mwanangu anasema ni huzuni ya ujane

Mshauri, salaam.

Nina miaka 58. Nilifundisha fizikia kwa miaka 31, nikastaafu mwaka jana. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nina watoto watatu, wote watu wazima, na mjukuu mmoja wa miaka 12 ambaye ukimtajia magari hasikii kingine.

Huyo mjukuu ndiye aliyenipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Baba yake, yaani mwanangu mkubwa, ndiye aliyetuendesha. Mimi nilikwenda kama bibi anayesindikiza mtoto, na kofia yangu na kiti changu cha kukunja. Tulipita safu moja baada ya nyingine, magari yamesuguliwa mpaka unajiona usoni, nami nikawa naitikia tu kila mtoto aliponionyesha kitu.

Halafu nikasikia injini. Sikuiona, niliisikia. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zina sauti yake, na sauti ile sikuwa nimeikaribia tangu usichana wangu. Niliwaacha wenzangu nikaifuata. Ilikuwa Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa, boneti ndefu, na karatasi kwenye kioo cha mbele imeandikwa LINAUZWA.

Hapa sina budi kurudi nyuma. Baba yangu alikuwa fundi magari. Tangu nina miaka 6 mimi ndiye niliyekuwa nikimpa spana. Alinifundisha zamu ya silinda sita kuwaka kama wimbo: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Nilikuwa nauimba nikifagia uwanja. Alinifundisha kusikiliza kabureta mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa, kwa kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unalinganisha mvumo wa hii na wa ile. Nilikuwa na sikio kuliko kaka zangu, na alilisema hilo mbele yao. Nilipofika miaka 14, siku moja aliniangalia mikono akasema, "Sasa umekua. Mikono ya msichana haikai na grisi." Hakunifokea. Alisema kwa upole kabisa. Kesho yake spana zangu zilikuwa kwa mdogo wangu, ambaye alikuwa hajui hata kutofautisha namba 10 na namba 12. Sikurudi tena gereji. Nikasoma, nikafundisha, nikaolewa, nikazaa. Marehemu aliishi nami miaka 29 bila kujua kwamba naweza kufungua kabureta na kuirudisha.

Basi pale kwenye maonyesho, mwenye gari alikuwa akimweleza mwanangu kila kitu. Mimi aliniuliza kama ningependa kukaa kivulini. Nikamwambia, "Kabureta yako ya nyuma inavuta hewa kidogo kuliko ya mbele." Akanyamaza. Akazima injini akaniuliza nimejuaje. Tulizungumza karibu saa nzima. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani, machozi yakanitoka. Sikuona aibu.

Kabla jua halijazama nilikuwa nimelipa arubuni, moja ya kumi ya bei. Ameniwekea siku 14. Zimebaki 9.

Sasa matatizo. Bei yote ni zaidi ya nusu ya kiinua mgongo changu. Nilipostaafu niliwaambia watoto, "Pesa hii ni yetu sote." Mwanangu wa pili anajenga, na nilimdokeza kuwa nitamsaidia kupaua. Mkubwa, tulipofika nyumbani, alisema, "Mama, hii ni huzuni. Baba angekuwepo usingefanya hivi." Amekwisha kuwaambia wadogo zake. Tangu siku hiyo ananipigia asubuhi na jioni kuniuliza nimelalaje, kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa. Binti yangu wa mwisho amenyamaza tu.

Nikilipa nitakuwa nimewasaliti wanangu kwa ajili ya bati na matairi. Nikiacha, lingine kama hili sitalipata, na nitakuwa nimekubali mara ya pili kuambiwa kuwa mikono yangu haifai. Gari lenyewe halinitii wasiwasi. Injini nimeisikia, ni nzima, kabureta nitazipanga mwenyewe. Mwenye gari ameniambia bodi ilitengenezwa upya na kutu hakuna. Na magari haya thamani yake haishuki.

Je, mwanangu amesema kweli?

Binti wa Fundi

*

Shikamoo mama.

Barua yako niliisoma jana usiku, nikairudia leo asubuhi, na mara zote mbili niliishia pale ulipoulizwa kama ungependa kukaa kivulini. Nilitamani ningekuwepo nione uso wa yule bwana ulipomtajia kabureta ya nyuma.

Nikikuelewa vyema, mbele yako kuna mambo matatu yaliyofungwa kamba moja. Kuna gari lenye siku 9. Kuna pesa ambayo ulisema ni ya wote. Na kuna msichana wa miaka 14 aliyenyang'anywa spana kwa sauti ya upole, asipate hata mtu wa kumkasirikia. Naona uchungu mwingi unatoka kwenye hiyo kamba, kwa sababu ukivuta kimoja vyote vinakuja. Niruhusu nijaribu kuifungua, na pale nitakapokosea unisahihishe.

Nianze na swali lako kuhusu mwanao. Inawezekana amesema kweli nusu. Mtu aliyefiwa hununua vitu, husafiri, huhama nyumba, na pengine baadaye hujuta. Huyo kijana alimzika baba yake, sasa anamwona mama yake analia ndani ya gari la mtu asiyemjua. Ameogopa, na zile simu za asubuhi na jioni ni woga wake. Lakini ametoa hukumu hiyo bila kujua lolote kuhusu gereji. Umemwambia? Katika barua yako sikuona mahali ulipomsimulia habari ya mpira sikioni, wala ya siku ile mikono yako ilipotazamwa. Kama baba yake aliishi nawe miaka 29 asijue, yeye angejuaje? Anaposema "Baba angekuwepo usingefanya hivi," huenda ni kweli kabisa, na bado isiwe na maana anayoitoa yeye. Labda usingefanya kwa sababu wakati ule ulikuwa umeificha sehemu hiyo ya moyo wako hata kwa mtu uliyempenda. Kama ni hivyo, huzuni haikukutengenezea hamu mpya. Imekufungulia mlango uliokuwa umeufunga. Unaweza pia kuwa na vyote viwili kwa pamoja, huzuni na hamu ya kweli, na sioni kwa nini ulazimishwe kuchagua kimoja.

Na binti yako je? Umeuandika ukimya wake kana kwamba ni kura ya hapana. Kunyamaza kwa mtoto wa mwisho kunaweza kuwa ni kukataa, kunaweza kuwa ni kukuonea fahari, kunaweza kuwa ni kuchoka kupigiwa simu na kaka yake. Hujamuuliza.

Sasa tuje kwenye gari, na hapa naomba nizungumze nawe kama binti wa fundi. Sikio lako siliwekei shaka hata kidogo. Ninachokihofia ni kwamba siku ile sikio lilifanya kazi peke yake. Umeandika kwamba gari halikutii wasiwasi kwa sababu injini umeisikia, ilhali kwa gari hili injini ndiyo sehemu imara kuliko zote. Ile silinda sita ya lita 2.4, inayoitwa L24, inasifika kwa kuvumilia. 240Z hufia kwenye bati. Halina chesisi inayojitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa, na bati la miaka ile lilikingwa kidogo sana dhidi ya kutu. Hulika chini ya betri kwa sababu ya asidi, hulika sakafuni na kwenye zile reli za chini ya sakafu, hulika kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kuzunguka mlango wa nyuma. Injini ikiwa mbovu unaishusha unaitengeneza. Reli zikiwa zimeoza chini ya rangi nyeusi ya kuzuia kokoto, unahitaji fundi bodi mwenye subira na mfuko mrefu kuliko ule ulionunulia gari.

Maneno "bodi ilitengenezwa upya" yanaweza kubeba mambo mawili tofauti kabisa. Yanaweza kuwa bati bovu lilikatwa likachomelewa jipya. Yanaweza pia kuwa puti ilijazwa, ikapigwa msasa na kupakwa rangi nzuri ya chungwa. Ukiwa kwenye maonyesho, jua linawaka na kila kitu kinang'aa, hayo mawili yanafanana. Siwezi kumtuhumu bwana yule. Huenda hata yeye aliuziwa maneno hayohayo akayaamini. Lakini kama kazi ilifanyika, kwa kawaida kuna picha na risiti za fundi, na mtu anayelipenda gari lake hufurahi kuzitoa. Ukienda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ukaipitisha taratibu juu ya matao ya nyuma, utahisi mahali isiposhika, palipo na puti badala ya bati. Na gari liinuliwe, mama. Lisiinuliwe kwa jeki ya kando ya barabara, liinuliwe juu kabisa mtu asimame chini yake na tochi.

Kuna jambo jingine ambalo baba yako angeliuliza kabla ya yote: boneti ilikuwa baridi au moto ulipofika? Wewe uliisikia injini ikiwa tayari inanguruma. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Inapoamka asubuhi ndipo moshi unapozungumza: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto huenda ni maji yanayopita kwenye gasketi.

Halafu namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ikianza na HLS30 kwa magari ya usukani wa kushoto yaliyouzwa nje ya Japani, au HS30 kwa yale ya usukani wa kulia. Ilinganishe na kibao kilichomo kwenye boneti na hati za umiliki, herufi kwa herufi. Angalia pia alama iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Injini ya L28 ya lita 2.8, iliyokuja kwenye 280Z, mdogo wake 240Z, hukaa kwenye nafasi ileile, na watu wengi wameibadilisha. Si aibu, na kwa kuendesha linaweza kuwa gari zuri zaidi. Ila bei ya gari lenye injini yake ya kuzaliwa na bei ya lililobadilishwa hazipaswi kuwa sawa, na hilo ndilo ambalo pengine hata sikio lako lisingelitambua katika kelele za maonyesho.

Umesema lingine kama hili hutalipata. Naielewa hofu hiyo, siku 14 za arubuni ndivyo zinavyomfanya mtu. Lakini si kweli kama inavyohisiwa. Toyota 2000GT zilitengenezwa 351 tu, na mwenye kuiota hiyo ana haki ya kuhofu. 240Z zilitengenezwa zaidi ya 150,000 kati ya mwaka 1969 na 1973. Nyingi zimeoza, ndiyo, na sifa walizozipa madereva Edgar Herrmann aliposhinda nayo mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973 zimefanya watu wazipende. Hata hivyo bado zinauzwa. Hili la chungwa ni moja, kwa sababu ndilo lililokuliza. Lakini kama wiki ijayo mtu akilinunua, mlango haujafungwa.

Kuhusu thamani kutoshuka, naomba uwe mwangalifu hapo. Bei za magari ya zamani zimewahi kupanda sana na zimewahi kushuka. Hata zinapopanda, anayefaidi ni anayeuza, na moyo wako sidhani kama uko kwenye kuuza. Utakachokiona wewe kila mwaka ni bima, mahali pa kulaza gari pasipo unyevu, matairi yanayozeeka hata gari likiwa limesimama, na mipira ya mafuta ambayo petroli yenye ethanoli huila. Gari likimaliza pesa zote siku ya kununuliwa, linaishia kwenye mawe. Hiyo "zaidi ya nusu" uliyoitaja ni bei tu. Kaa na karatasi uandike na mwaka wa kwanza, kisha uangalie kilichobaki kama kinatosha siku ukiugua. Ulifundisha fizikia, hesabu hizi hazikushindi. Nahisi hujazifanya kwa sababu ulihofia jibu.

Na pesa "yetu sote". Ulipolitamka neno hilo, ulikuwa na maana gani? Kuna mama husema hivyo akimaanisha wanangu hawatalala njaa mimi nikiwa na kitu. Kuna anayemaanisha kila shilingi ipigiwe kura. Watoto wako kila mmoja huenda alisikia la kwake. Aliyesikia wazi zaidi ni yule anayejenga, kwa sababu kwake kuna paa. Kudokeza si kuahidi, lakini mtu mwenye kuta zisizo na paa hudokezwa akasikia ahadi. Huyo anastahili kuambiwa kitu cha hakika, kiasi gani na lini, au kwamba haiwezekani, iwe utalinunua gari au la. Nadhani hilo likitulia, neno "kusaliti" litapungua uzito.

Tuangalie njia zilizopo. Unaweza kurudi kabla ya siku kwisha, gari likakaguliwa na fundi asiyemjua muuzaji, kisha ukaamua. Hatari yake ni kwamba utarudi na moyo uleule, na moyo unaopenda hukagua vibaya. Soma pia ile risiti ya arubuni: inasema unarudishiwa gari likikutwa na kasoro, au inapotea? Kama haisemi lolote, mwombe muuzaji muandike sasa hivi, mkiwa bado marafiki. Unaweza pia kumwomba muda zaidi. Akikubali, utapumua. Akikataa na kukuharakisha, utakuwa umejua kitu juu yake.

Ukaguzi ukitoka mzuri, liendeshe walau nusu saa kabla ya kulipa. Usukani wake hauna msaada wa haidroli, ni mzito unapoegesha. Kiti kiko chini sana. Magoti ya miaka 58 yana haki ya kusema neno lao.

Unaweza kuliacha hili na kutafuta la gharama ndogo. MGB, gari la spoti la Kiingereza, zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni kati ya 1962 na 1980, na spea zake zinapatikana kwa urahisi usio wa kawaida kwa gari la umri huo. Mazda MX-5 za kwanza, za mwaka 1989, sasa nazo zimeingia uzeeni. Lakini MGB ni silinda nne, na MX-5 haina kabureta. Usijilazimishe kupenda sauti usiyoipenda kwa sababu ni rahisi. Gari la namna hiyo husimama uani likikukumbusha ulichokikosa.

Kuna njia nyingine iliyonijia nikisoma barua yako mara ya pili. Ulichonyang'anywa ukiwa na miaka 14 hakikuwa gari. Zilikuwa spana. Inawezekana kuzirudisha bila gari zima: injini moja ya silinda sita, juu ya stendi, pembeni ya nyumba yako, na mjukuu wa miaka 12 akikupa namba 10. Au kwenda kusaidia mtu anayefufua gari lake, na watu hao hupokea kwa furaha mtu anayejua kupanga kabureta mbili kwa sikio. Sikwambii hivi ili uridhike na kidogo. Huenda ukajaribu ukagundua kuwa hamu imetulia. Huenda ukagundua kuwa kwa mara nyingine umekubali kupewa pembe badala ya chumba, na hapo utalitaka gari zaidi ya leo. Hilo utalijua wewe peke yako, na kwa uaminifu tu.

Jambo la mwisho linanigusa. Umesema ukiacha utakuwa umekubali mara ya pili. Mama, aliyekuambia mara ya kwanza alikuwa mtu mzima na wewe ulikuwa mtoto, hukupewa nafasi ya kujibu. Safari hii, hata ukiliacha gari kwa sababu reli zimeoza, uamuzi utakuwa umeutoa wewe, kwa ujuzi wako, ukiwa chini ya gari na tochi mkononi. Hilo na lile la miaka 14 ni mambo mawili. Vilevile, ukilinunua ili kumjibu baba yako, gari litabeba mzigo ambao bodi yoyote, hata nzima, haiwezi kuubeba. Nakuachia hilo ulitafakari polepole, bila kuangalia siku 9.

Kama utarudi kwa yule bwana, mpigie simu jioni kabla, mwombe asiliwashe mpaka ufike. Nenda asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti kwanza. Na kama mwanao mkubwa atakubali kukusindikiza, mwambie njiani ile habari ya wimbo, moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Anaweza asibadili mawazo, na humwombi ruhusa. Ila atakuwa amemsikia mama yake, na wewe utakuwa umesema kitu ambacho miaka 44 hakijawahi kutoka kinywani mwako.

Beba na kipande cha mpira. Mpe mwanao ncha asikilize.